Mawe ya Kabimba na Chupa ya Javeli

Wiki iliyopita mlinifanyia karamu ya kuniaga. Mkanipa kitenge, mkaniimbia, mkasema maneno matamu mpaka nikatafuta kitambaa cha kufutia macho. Asanteni, watoto wangu. Lakini mmoja wenu, simtaji jina, alisimama na glasi yake akasema kwamba mapipa yetu ya kusafisha maji ya samaki "tuliachiwa na Wabeleji." Nilikuwa na nyama mdomoni, nikashindwa kuimeza. Tuliachiwa na nani? Wabeleji walituachia moteri isiyo na mkanda na funguo za kabati lisilo na kitu! Mapipa yale yalichaguliwa na mtu mmoja, akayajaribu kwa mikono yake, akatukanwa kwa ajili yake, akafukuzwa kazi kwa ajili yake. Jina lake Papa Kisimba. Kila nikisikia kazi yake inapewa watu wengine, damu inanichemka.

Basi nimechukua daftari. Habari za vyeo vyangu na mshahara wangu msizitafute humu, zinanichosha hata mimi mwenyewe. Nitawaambia jinsi filtri ya baseni kubwa la samaki, yaani kichujio cha maji yake, ilivyochaguliwa, na jinsi aliyeichagua alivyotupwa nje kwa kosa ambalo hakulitenda. Nani alilitenda, ninamjua vizuri. Mtamjua na ninyi.

Niliingia kituoni mwaka wa sitini, uhuru ukiwa bado mbichi, Wazungu wa kituo wameshapanda boti na masanduku yao kwenda Kigoma. Mji wetu bado uliitwa Albertville kwenye karatasi zote. Mume wangu alikuwa mtu wa reli, amekufa mwaka uliotangulia, akaniachia watoto wanne waliotaka kula kila siku, tabia ambayo sikuweza kuwaachisha. Nikasikia kituo cha samaki kinatafuta mtu wa kuosha. Mwanamke kwenye kazi ya Leta, kazi ya serikali, siku zile! Mlinzi wa getini aliniuliza nimemletea nani chakula. Nikamwambia nimekuja kuomba kazi. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Papa Kisimba hakucheka. Alikuwa Muholoholo mfupi, suruali imekunjwa mpaka magotini, mtu aliyewashikia Wazungu nyavu na ndoo kwa miaka mingi. Walipoondoka, alibaki yeye peke yake anayejua samaki gani anakula nini. Hakunipa ufagio. Alinipeleka kwenye baseni kubwa akaniambia niingize mkono, nishike jiwe la chini.

"Unasikia nini, Mama?"

"Utelezi."

"Ungeufanya nini?"

"Ningeusugua, Papa. Si njo kazi munanipa?"

"Ukiusugua, leo leo unarudi kwako. Ule utelezi njo unafanya kazi hapa. Mimi na weye tunausaidia tu."

Nasema ukweli: nilimwona mzee mchafu. Nililelewa na masista, na kwa masista kitu chenye utelezi kilikuwa dhambi. Lakini nilitaka kazi, nikanyamaza.

Baseni lenyewe mnalijua, ingawa siku hizi mmelipaka rangi. Simenti, kioo kinene upande wa mbele, urefu wa hatua kumi na mbili za miguu yangu. Ndani mlikuwa na samaki wa mawe, wale wadogo wenye mistari, na kuhe wawili wakubwa, dume na jike, waliokuwa wanalea watoto wao pembeni. Kituo kiliwachunguza wanavyozaa, na wanafunzi waliletwa na walimu wao kuja kuwatazama. Shida ilikuwa maji. Bomba la kuvuta maji kutoka ziwani lilikuwa limepasuka, na aliyejua kulishona alikuwa Ubeleji anakula viazi. Maji yaleyale yalizunguka humo wiki baada ya wiki mpaka yakawa na rangi ya chai. Tulibadilisha kidogo kidogo kwa ndoo, kutoka ziwani hadi basenini, mimi na Papa Kisimba na wanaume wengine wawili. Mabega yangu yanaikumbuka kazi hiyo kuliko kichwa changu.

Kwa hiyo Papa Kisimba akaanza kutafuta filtri. Ninyi mnafikiri kuchagua filtri ni kufungua kitabu. Yeye alichagua kwa kuharibu. Alianza na makaa ya sokoni pamoja na pamba, kwa sababu ndivyo alivyowaona Wazungu wakifanya. Siku tisa maji yalikuwa mazuri ajabu, siku ya kumi yakachafuka yote kwa pamoja. "Makaa yameshiba," alisema, akayatupa. Akajaribu mchanga mweupe wa pale mbele ya kituo, ule laini. Siku ya tatu ulikuwa umeshikana, hata tone halipiti, nikautoa kwa koleo huku natukana kwa Kitabwa ili asielewe. Alielewa. Kisha tukachukua mchanga wa mdomo wa Lukuga, ule wenye punje kubwa, tukauosha ndoo kwa ndoo mpaka maji yakatoka meupe. Huo ulifaa. Lakini samaki bado walipanda juu asubuhi, wakifungua midomo.

Siku moja alinikuta nachemsha maji ya chai. Akanyakua birika, akalimwaga, akanionyesha ndani.

"Unaona ile nyeupe chini? Inatoka wapi?"

"Kwenye maji, Papa. Birika zote za Albertville ziko hivyo. Na sasa chai yangu iko wapi?"

"Ziwa letu liko na chokaa ndani. Hawa samaki wamezaliwa mu maji ya chokaa. Sisi tunawapa muchanga wa muto. Wanataka mawe yao!"

Wiki ile ile akadandia boti ya watu wa simenti mpaka Kabimba, akaomba vipande vya mawe ya chokaa ambavyo hawakuvihitaji, akarudi na magunia. Basi akasimamisha mapipa matatu kwa ngazi, yale mnayoyapita kila siku bila kuyatazama. La juu kabisa la maji matupu. La katikati la mchanga wa Lukuga. La chini la mawe ya Kabimba. Maji yaliyofurika kutoka basenini yalishuka kwenye shimo, tukayapandisha kwa pampu ya mkono iliyotupwa na watu wa reli. Ukilijaza pipa la juu asubuhi, linadondosha mpaka adhuhuri. Ukilijaza adhuhuri, linadondosha mpaka giza. Halikutaka umeme, halikutaka kipande kutoka Ulaya. Lilitaka mkono wa mtu tu.

Maji yalichukua wiki sita kusafika, na katika wiki hizo mawe yaliota utelezi wa kahawia unaonuka matope. Hapo nikachoka kunyamaza. Nikamwambia uchafu ni uchafu, hata ukiitwa kazi. Hakukasirika. Alinipa mabeseni mawili madogo, samaki watano watano, na mawe kutoka katika pipa. Ya beseni moja akaniambia niyasugue kwa brosi na javeli, ile dawa kali ya kung'arishia nguo, nipendavyo, niyasuuze mpaka nichoke. Ya lile lingine nisiyaguse. Nilisugua kwa furaha. Siku ya tatu samaki wa beseni langu safi walikuwa wanahema juu. Siku ya sita hakubaki hata mmoja. Wa beseni chafu walikuwa wanafukuzana.

"Kinyesi chao hakionekani mu maji, Mama Feza," aliniambia, "lakini kipo, na ni sumu. Utelezi njo unakila. Ukiua utelezi, umeua samaki, bado tu hawajajua."

Basi nilijifunza. Sikusikia kwa mtu, niliona kwa macho yangu. Litunzeni hilo.

Mwaka wa sitini na mbili akaletwa Direkta. Jina lake nitalinyima nafasi katika daftari langu. Sisi tulimwita Karavati, kwa sababu tai yake ilikuwa shingoni hata akikagua shimo la maji. Alikuwa amekaa Ulaya miezi kadhaa, akarudi na katalogi yenye picha za rangi. Nililetewa kuifuta vumbi, nikaitazama. Samaki wote mle walikuwa wa bahari ya chumvi, wenye midomo mirefu na rangi za vitenge. Na filtri zote zilikuwa za baseni za maji ya chumvi, zenye moteri, zenye makopo ya makaa ya kubadilisha. Alituita sote ofisini kwake, akatandaza katalogi mezani.

"Hii njo inatufaa," alisema. "Ziwa Tanganyika ni bahari. Mutu akisimama hapa asubuhi ya ukungu anaona ng'ambo? Haoni. Basi ni bahari. Na tutaondoa ile mapipa ya kijijini pale nje. Yananipa haya."

Papa Kisimba alivua kofia. Alikuwa na adabu mtu yule, hata kwa asiyestahili.

"Bwana Direkta, naomba kuuliza. Ile moteri inakula nini?"

"Umeme."

"Na umeme ukikatika, ile maji itazungushwa na nani?"

"Umeme wa hapa haukatiki."

Mwaka wa sitini na mbili! Alisema hivyo bila kupepesa macho, na taa iliyokuwa juu ya kichwa chake ilikuwa imezimika tangu juzi. Wanaume walitazama chini. Mimi nilikohoa, maana bila kukohoa ningecheka.

"Na yale makopo ya makaa," Papa Kisimba aliendelea, "yakishiba, tunayapata wapi?"

"Muzee, umesoma mpaka darasa gani?"

Hilo njo lilikuwa jibu. Papa Kisimba akavaa kofia yake. Nilitoka pale na hasira, na kama ningejua yatakayofuata ningebakiza hasira hiyo kwa ajili yangu mwenyewe.

Karavati hakuwa na ruhusa ya kuagiza moteri yake bila mkubwa wa serikali kuja kuangalia na kuamua: mashine au mapipa. Mkubwa akatangaza kuja mwaka uliofuata, siku ya Alhamisi. Mnajua mambo ya kwetu mgeni mkubwa akija. Tulijifunza kwa Wazungu, tukawapita. Majani yanakatwa, mawe ya kando ya barabara yanapakwa chokaa, miti inapakwa chokaa, na mtu akisimama sana mahali pamoja naye atapakwa. Sakafu zinamwagiwa javeli mpaka macho yanatoa machozi. Na juma hilo hilo Papa Kisimba aliomba ruhusa ya kwenda Kabimba kuongeza mawe, maana alitaka mapipa yaonekane kwa mgeni yamejaa. Karavati, ambaye hakuwahi kumpa ruhusa ya kwenda hata kwenye mazishi, akamsainia bila kuinua kichwa. Sisemi alipanga. Nasema alisaini haraka.

Kabla ya kupanda boti Papa Kisimba alinijia kwenye pampu.

"Mama Feza, mapipa nayaacha mu mikono yako. Siyo ya wale wengine. Yako."

"Nenda salama, Papa. Nitayatunza."

Jumatatu Karavati akapita anakagua. Akafunua pipa la tatu, akarudi nyuma hatua mbili, karavati kaishika mkononi isije ikaguswa.

"Ni nini hii? Mukubwa aje aone choo?"

"Ni utelezi wa mawe, Bwana Direkta. Njo unasafisha maji. Papa Kisimba amekataza kuugusa."

"Papa Kisimba njo Direkta hapa?"

"Apana."

"Basi lete javeli. Mawe yote, na muchanga wote. Nataka yang'ae. Ama unaona kazi imekuwa nyingi kwako, Mama? Kuna wanawake wengi wanaitafuta."

Nilikuwa na watoto wanne. Mtoto wa kwanza alikuwa amefukuzwa shule kwa kukosa minerval, ile ada ya shule, na amerudi majuzi tu. Nililifikiria hilo, na nililifikiria beseni langu la samaki watano. Nayaandika yote mawili kwa sababu yote mawili yalikuwa kichwani, na ninyi mtakaosema "maskini Mama Feza, alilazimishwa," ngojeni kwanza. Kulikuwa na njia. Ningeweza kuosha yale ya juu tu yanayoonekana. Ningeweza kuficha ndoo mbili za mawe machafu nyuma ya stoo. Ningeweza kumtuma mtu Kabimba. Sikufanya hata moja. Nilifungua chupa, nikamimina, nikachukua brosi, nikasugua siku mbili nzima, jiwe kwa jiwe, kwa bidii ya kinyume na akili. Nikasuuza mara kumi nikijidanganya kwamba kusuuza kutaokoa. Mawe yalitoka meupe kabisa. Karavati akaja, akatabasamu, akasema, "Unaona? Usafi ni kitu kidogo tu."

Alhamisi asubuhi samaki wa mawe walikuwa wameanza kuelea. Kuhe jike alikuwa amelala ubavu kwenye pembe yake, na dume anamzunguka, anamsukuma kwa pua ili asimame. Watoto wao hawakuonekana tena. Mgeni akafika saa nne na watu wake, akasimama mbele ya kioo, kitambaa puani. Nilitegemea Karavati afadhaike. Kumbe! Alinyoosha mkono kama mtu anayeonyesha shamba lake mwenyewe.

"Mukubwa, unaona kwa macho. Hii njo matokeo ya mapipa ya kienyeji. Nimeandika mara ngapi?"

"Nani anayatunza haya mapipa?" mgeni aliuliza.

"Muzee mumoja. Alipojua unakuja, amekwenda zake Kabimba."

"Amekimbia?"

Karavati aliinua mabega. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliinua mabega tu, na ilitosha. Mmoja wa watu wa mgeni akasema neno la Kifaransa, sabotaje, yaani hujuma. Siku zile neno hilo halikuwa la mchezo. Mtu aliyeitwa hivyo alikuja kuchukuliwa na basoda, askari wa jeshi, na mke wake alizunguka kambi hadi kambi na chakula kinapoa. Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwao, ndoo mkononi, nyuma ya mlango. Mdomo ninao, ninyi ni mashahidi kwamba ninao. Siku ile sikuwa nao.

Ijumaa Papa Kisimba akarudi, boti imejaa mawe. Hakuruhusiwa kuyashusha. Mlinzi yule yule aliyenicheka alimpa barua getini, na Karavati alimwita pembeni akamwambia aende kimya kimya, maana akibisha basoda wataitwa. Papa Kisimba aliomba jambo moja tu, kuyaona mapipa. Sijui kwa nini alikubaliwa. Alifunua la tatu, akachukua jiwe moja jeupe, akaligeuza, akalirudisha polepole. Kisha akaja nilipokuwa.

"Mama Feza. Nani ameosha mawe?"

"Sijui, Papa."

Alinitazama kidogo. "Haya," alisema, akaenda. Na mapipa yakaangushwa Jumatatu.

Moteri ilikuja mwisho wa mwaka ule, katika sanduku lenye majani makavu, inang'aa. Pamoja nayo kulikuwa na mfuko wa chumvi ya bahari, na karatasi inayosema kiasi gani cha kumimina. Mfuko huo niliuficha siku ile ile, maana Karavati angeuona angeumimina wote. Tuliutumia nyumbani kwenye ndakala, dagaa wetu. Kwa haki niseme jambo moja: ile moteri ilipuliza mapovu, na mapovu ni mazuri kwa samaki, hata Papa Kisimba angekubali. Na kwa miezi minne maji yalikuwa safi, na Karavati alileta wageni waje kuyatazama. Kisha makopo ya makaa yakashiba, mengine yakakwama sijui bandari gani. Kisha chokaa ya ziwa ikaanza kuziba mabomba membamba, chokaa ile ile ya birika langu. Kisha ikaja sitini na nne na vita yake. Mji ukachukuliwa, ukachukuliwa tena, umeme ukakatika siku nyingi, moteri ikanyamaza. Kuhe tulioletewa baadaye waliliwa na watu wenye bunduki. Upande gani sisemi. Walisema walikuwa watamu.

Mwaka wa sitini na tano Karavati alirudi kutoka alikokimbilia, na karavati mpya. Kituo kikapewa samaki wengine. Akaniita ofisini, na nawaapia alisema hivi bila aibu:

"Mama Feza, rudisha ile mapipa. Nimefikiri sana, naona njo yanatufaa sisi."

"Umefikiri wewe, Bwana Direkta?"

"Ndiyo. Nitaandika hivyo mu raporo."

Njo maana mnasema Wabeleji! Aliandika kwamba amerudia "mfumo wa zamani," na kila aliyesoma alidhani wa zamani ni wa Wazungu. Mzee aliyeenda Kabimba na magunia hakutajwa hata kwa kosa la kalamu. Nilisimamisha mapipa upya nikilia kwa hasira. Lakini mawe yalikuwa mapya, hayana utelezi, na samaki walianza kupanda juu. Wiki ya pili nilivaa kitenge safi nikavuka mto Lubuye mpaka kwa Papa Kisimba.

Nilimkuta anashona wavu mbele ya nyumba. Alikuwa amekonda. Mke wake alinipa kiti, akaingia ndani bila kunisalimia sana. Nikaeleza: samaki, mapipa, Direkta, nikamtukana Direkta kwa urefu na upana. Papa Kisimba alisikiliza akiendelea kushona.

"Nenda pale penye mawe ambapo kuhe wanazalia," alisema. "Toa mawe ndani ya ziwa, na utelezi wake, yafunike na majani yasikauke. Yaweke juu ya yale ya Kabimba. Wiki mbili utaona."

"Rudi uyaweke mwenyewe, Papa. Nimekuja kukuomba. Direkta amekubali kwamba mapipa ni mazuri. Aliyekuharibia ni yule, na sasa ameshindwa."

"Direkta hakuniharibia kitu. Direkta hakunijua."

Sikuelewa, ama sikutaka. Nikaanza tena kumtukana Karavati. Akaweka wavu chini.

"Mama Feza, siku ile nilikuuliza nani ameosha mawe."

Nikasikia maji ya Lubuye.

"Ni mimi, Papa."

"Ninajua. Siku ile vidole vyako vilikuwa vimechunika, vyeupe mpaka kwenye kucha. Javeli ya siku mbili. Nilikuuliza nikiviangalia."

"Ulijua? Na hukusema? Wangekuitia basoda, Papa! Kwa nini hukusema?"

"Ningesema wangekufukuza na watoto wako. Nilingoja useme weye."

Miaka miwili alikuwa amengoja. Nilianguka magotini, nikamwomba msamaha, nikamwambia kesho yake nitasimama kwenye apeli, tunapoitwa majina asubuhi, niseme mbele ya wote kwamba hana kosa. Aliokota wavu wake.

"Sema. Lakini usiseme juu yangu, mimi nimeisha zoea. Sema juu ya mawe, wasiyaoshe tena."

Nilisema. Mbele ya wafanyakazi wote, na Karavati amesimama pale. Nilisema nani aliagiza na nani aliosha. Karavati alisema, "Mama, hayo ni mambo ya zamani, twende kazini." Wanaume wakaenda kazini. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyeaibika, na Papa Kisimba hakurudi kituoni mpaka alipokufa. Mawe ya ziwani niliyaweka alivyoniambia, na wiki mbili hazikutimia samaki wakashuka chini, wakaanza kufukuzana.

Miaka yote iliyofuata, kila nilipoisimulia habari hii, watu wamenitikisia kichwa kwa huruma: yalikuwa mambo ya wakubwa, Mama, wewe ungefanya nini. Msinihurumie, nakasirika. Karavati alikuwa mjinga, hakujua utelezi ni nini, na mjinga nimemtukana ya kutosha. Mimi nilijua. Pale kituoni, ukimwondoa aliyekuwa Kabimba, nilikuwa mtu pekee anayejua, na brosi ilikuwa mkononi mwangu.